Wawindaji na mbweha mmoja

Jamani leo nimelia mbele ya picha.

Tuko na dada kwenye meli ya mtoni, tunashuka Danube kutoka Passau kwenda Budapest, na ratiba yao ni mbio mbio tu, basi, kanisa, piga picha, rudi kula. Vienna tumepata siku moja. Nikamwambia dada leo siendi na kundi, nataka makumbusho moja tu niyaone vizuri.

Bahati nzuri ni Alhamisi, makumbusho ya sanaa ya Kunsthistorisches wanafunga saa 3 usiku. Tukapanda treni ya chini ya ardhi, U1, pale Vorgartenstraße karibu na meli zinapotia nanga, tukabadilisha Stephansplatz, tukashuka Volkstheater. Kumbi zingine tukazipita, moja kwa moja kwenye picha za mchoraji Bruegel.

Ile ya wawindaji kwenye theluji, ya 1565. Kwenye simu nimeiona mara nyingi ila sikuwahi kugundua kwamba wanarudi na mbweha mmoja tu, mdogo, ananing'inia mgongoni kwa mmoja wao, na mbwa wanatembea vichwa chini wamechoka. Huko bondeni watu wanateleza kwenye barafu, hawana habari.

Nikamkumbuka baba akirudi kutoka ziwani, ndoo haijafika hata nusu, na sisi tunacheza tu uwanjani.

Dada hakusema kitu, akanishika mkono. Tumekaa pale karibu saa nzima, chakula cha usiku cha meli tukakikosa na wala sijali.

Kesho kutwa Budapest, tuna nusu siku. Mliowahi kufika, ingekuwa sehemu moja tu mngeenda wapi?