Bastola Tupu: Kwa Nini Bado Ninautetea Mchezo wa I Am Alive

Majambazi watatu walinizunguka, na bastola niliyokuwa nayo haikuwa na hata risasi moja. Nilimwelekezea mtutu yule aliyekuwa mbele, akasimama, akanyanyua mikono, kisha akaanza kurudi kinyumenyume hadi ukingoni, ambapo nilimsukuma chini kwa teke. Wa pili alibaki ananikazia macho. Katika mchezo huu wa video, ukimwelekezea mtu bastola kwa muda mrefu bila kufyatua, huanza kushuku kwamba huna kitu, na akishakuwa na hakika hukuvamia kwa panga. Mimi nilichelewa, na nikafa hapohapo, nikiwa nimeshika pedi ya kuchezea kwa mikono iliyolowa jasho kana kwamba panga lile lilikuwa limenifikia kweli.

Mchezo wenyewe ni I Am Alive, uliochapishwa na kampuni ya Ufaransa ya Ubisoft mwaka 2012. Nimeurudia tena mwezi huu, na baada ya kuumaliza nimezisoma upya tahakiki zilizoandikwa ulipotoka. Ninaandika kwa sababu ninaamini kwamba wahakiki wengi wa wakati ule waliuona vizuri, wakaueleza vizuri, kisha wakaupunguzia alama kwa yale hasa yanayoufanya uwe na uzito.

Kwa wasioufahamu, hadithi yake ni fupi. Mtu asiyetajwa jina anarudi katika mji wa kubuniwa wa Haventon, nchini Marekani, mwaka mmoja hivi baada ya maangamizi ambayo watu wanayaita tu Tukio. Amevuka nchi kwa miguu akimtafuta mke wake Julie na binti yake Mary. Nyumbani hawapo. Anajirekodi kwa kamera ndogo ya video akizungumza na mkewe, halafu anaingia mjini, ambako majengo yameegemeana na ardhi imefunikwa na vumbi zito linalokaba pumzi. Humo anakutana na mtoto wa kike aitwaye Mei, ambaye anambeba mgongoni kwa sehemu ya safari. Karibu kila kitu ni cha kijivu. Hakuna vita ya kuuokoa ulimwengu wala adui mkuu wa kumshinda ili mambo yarudi kama zamani.

Kuielewa hukumu ya wahakiki kunahitaji kukumbuka jinsi mchezo huu ulivyozaliwa kwa taabu. Ulitangazwa mwaka 2008, wakati ukitengenezwa na studio ya Darkworks ya Paris, na filamu fupi ya kuutangaza ilionyesha jiji la Chicago likiwa limebomolewa na tetemeko la ardhi. Watu walitarajia mchezo mkubwa wa bajeti kubwa. Kisha kazi ikahamishiwa studio ya Ubisoft iliyoko Shanghai, ikaanzwa upya kwa kiasi kikubwa, na kwa muda mrefu hakukuwa na habari. Hatimaye ulitoka Machi 2012 kwa wenye mashine ya michezo ya Xbox 360 na Aprili kwa wenye ile ya PlayStation 3, si kwa diski bali kwa kupakua, kwa dola 15, ukiwa umepangwa pamoja na michezo midogo ya bei nafuu. Mtu aliyesubiri miaka minne akaletewa kitu cha saa chache chenye nyuso ngumu na mienendo ya kukwamakwama, si ajabu kwamba alivunjika moyo. Ninadhani sehemu kubwa ya maneno makali yaliyoandikwa yalitokana na mchezo ule wa 2008 ambao haukuwahi kuwapo.

Kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, mchezo ulizungukia 70 kati ya 100, huku toleo la PlayStation likiwa juu kidogo ya lile la Xbox. Wastani huo unaficha mengi. Walikuwapo walioupenda kwa dhati, na walikuwapo walioona kwamba haukustahili hata nusu ya alama. Karibu wote walisifu hali ya huzuni iliyoutanda na ujasiri wa kumpa mchezaji bastola isiyo na risasi. Karibu wote pia walilalamikia uzito wa mienendo, uchache wa nafasi za kurudia baada ya kufa, na uchovu.

Neno hilo uchovu ndilo ninalotaka kukaa nalo kidogo. Katika mchezo huu kila unapokwea bomba, ukuta au nguzo ya daraja, mstari wa pumzi juu ya kioo unapungua. Ukikaribia kwisha, muziki unapanda na kukazana hadi unahisi kifua chako mwenyewe kinabana. Pumzi ikiisha kabisa huanguki mara moja. Unaweza kujilazimisha kwa kubofya kitufe harakaharaka na kupata hatua chache zaidi, lakini ukifanya hivyo mstari wote unafupika, na unabaki mfupi hadi upate chakula au dawa ya kuurejesha. Huko chini, ndani ya vumbi, pumzi inapungua hata ukitembea tu, kwa hiyo inabidi utafute mahali pa juu ili uvute hewa. Niliwahi kuning'inia kwenye fremu ya jengo refu, nikiwa na msumari mmoja tu wa kukwelea, nikipima kama niupigilie hapo nipumzike au niutunze kwa ajili ya juu zaidi nisikokuona. Niliutunza. Nilifika nikiwa na mstari uliobaki kama ukucha, na kwa dakika nzima sikusogea.

Mhakiki akiandika kwamba kukwea huku kunachosha, anasema kweli. Lakini mtu aliyetembea mwaka mzima, asiyekula vizuri, anayebeba mtoto mgongoni, anakweaje? Michezo mingi ya miaka ile ilimfundisha mchezaji kwamba kupanda ghorofa kumi ni sawa na kupanda ngazi ya nyumbani. Huu ulirudisha gharama ya mwili katika kila mita, na gharama hiyo ndiyo hadithi yenyewe kwa sehemu kubwa. Ukiuondoa uchovu ule, unabaki na mtu wa kawaida anayerukaruka juu ya magofu.

Hali ni hiyohiyo kwa nafasi za kurudia. Ni chache, na zikikwisha unarudishwa nyuma mbali. Njia mojawapo ya kuziongeza ni kuwasaidia manusura unaowakuta: huyu anaomba dawa, yule sigara, mwingine chakula, na kitu unachompa mara nyingi ndicho ulichokuwa unakihitaji mwenyewe. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba toleo la kompyuta, lililotoka Septemba mwaka huohuo, liliongezewa hali nyepesi yenye nafasi za kurudia zisizo na kikomo. Nimeijaribu. Nilijikuta ninampita mama aliyekuwa akiomba msaada bila hata kugeuka, kwa kuwa sikuwa na sababu tena ya kuhesabu alichonacho na nilichonacho. Aibu niliyoipata nilipogundua jambo hilo ilinifanya niizime hali ile na kuanza upya.

Wahakiki walikuwa sahihi katika mambo mengine, nami sitaki kuwanyima haki yao. Mapambano, baada ya kuwashangaza watu mara tatu au nne, yanageuka kuwa fumbo lenye jibu lilelile: umkate kwa panga yule anayekukaribia kwa kujiamini, umpige risasi mwenye silaha ya moto, wengine uwatishe. Hofu ya mara ya kwanza hairudi tena kwa ukamilifu. Pia sehemu ya hotelini, ambako wanawake wameshikwa mateka, inatumia ukatili dhidi yao kama kichocheo cha hasira ya mchezaji, bila kuwapa wanawake hao nafasi ya kuwa watu kamili. Hilo ni kosa la uandishi, na umaskini wa bajeti hauwezi kulibeba.

Mwaka uliofuata ulitoka mchezo wa The Last of Us, nao una baba, mtoto wa kike na miji iliyokufa, na kwenye Metacritic ulipata 95. Sina ugomvi na alama hiyo, kwa maana ni kazi iliyosukwa kwa ustadi mkubwa sana. Ila huko nilimaliza mapambano nikihisi nimekuwa hodari, jambo ambalo Haventon haijawahi kunipa hata mara moja.

Kuna tukio moja dogo ambalo katika tahakiki nilizozisoma ama halikutajwa ama lilipitiwa kwa nusu sentensi. Baadhi ya watu wenye silaha katika mji ule si majambazi. Wanalinda kona yao tu. Nilipomkuta wa kwanza, alininyooshea bunduki na kunifokea nisisogee. Nami nikainua yangu, ambayo safari hii ilikuwa na risasi moja. Mdogo wangu alikuwa amekaa mkekani nyuma yangu, na kwa muda mrefu hakuwa amesema chochote.

"Kaka, rudi nyuma," akanong'ona. "Huyu anaogopa kama wewe."

Nikaishusha bastola, nikarudi hatua moja, kisha ya pili, bila kumpa mgongo. Yule mtu alibaki ameelekeza bunduki, akinifuata kwa macho hadi nilipoizunguka kona, na hakufyatua.