Daftari za Babu

Wasifu wa marehemu kwetu Machame, Kilimanjaro, una mpangilio wake: kuzaliwa, kubatizwa, kipaimara, ndoa, kazi, ugonjwa, kisha idadi ya watoto, wajukuu na vitukuu, na kumalizia Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Wa Babu ulisomwa hivyo hivyo. Niliufuatia kwa simu huku Minneapolis, Marekani, saa kumi na moja alfajiri, kwao tayari ni mchana. Mcha Mungu, mchapakazi, mpenda familia. Hakuna aliyesema uongo, ila maneno hayo husomewa kila mzee anayezikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, hata wale ambao kijiji kizima kinajua walivyokuwa. Mimi ningesoma daftari zake.

Alikuwa nazo nyingi, zile za shule zenye jedwali la kuzidisha nyuma, amezifunga kwa kamba ya katani na kuziweka juu ya kabati. Kilo za kahawa alizopeleka chama cha msingi cha ushirika. Malipo ya kwanza, malipo ya pili, majaliwa, yaani malipo ya mwisho, kama yalikuja. Chini yake fungu la kumi, linatolewa kabla ya ada, kabla ya sukari, kabla ya bati. Halafu majina ya watoto na shule zao. Aliyetaka kujua imani ya Babu angeiona kwenye mpangilio wa mistari ile kuliko kwenye sala zake, ambazo, nisamehewe, zilikuwa ndefu mpaka mtori unapoa.

Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, kwa hiyo Babu alizaliwa akakuta Ulutheri ni mambo ya nyumbani. Jumapili baada ya ibada kulikuwa na mnada wa sadaka za mazao nje ya kanisa: mayai, mikungu ya ndizi, jogoo. Babu alipeleka mkungu wake, kisha akapandisha bei ya jogoo wa mtu mwingine mpaka akabaki naye. Bibi alilalamika njia nzima, maana kuku walikuwa wamejaa nyumbani. Jibu lake lilikuwa moja tu: kanisa linaezekwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kahawa, na wanaoinywa hawajui inavyochosha. Unachuma iliyoiva tu, punje nyekundu, kwa mkono, unarudi mti ule ule tena na tena. Jioni hiyo hiyo inamenywa kwa mashine ya kuzungusha, maana ikilala inaharibika. Inachachuka, inaoshwa, inaanikwa kwenye vichanja, na mvua ikinusa tu, nyumba nzima inakimbilia kuifunika. Kabla ya yote hayo kuna kupogoa, samadi, na kupiga dawa ya chulebuni, ugonjwa unaoharibu matunda ya kahawa. Shati lake la kazi lilikuwa na madoa ya buluu ya mrututu, dawa hiyo ya shaba, yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Yote chini ya migomba na miringaringa, kwenye kihamba ambacho mzungu wa huku angekiita bustani ya nyuma ya nyumba.

Ushirika aliupenda kama anavyopenda mtu ndugu mwenye matatizo. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianzishwa 1933, na kwa kizazi chake ndiyo iliyompa mkulima mdogo mahali pa kuuzia. Serikali ilipovunja vyama vya ushirika mwaka 1976, aliendelea kuandika kilo zake kama kawaida, ni jina la mnunuzi tu lililobadilika. Kilichomuumiza zaidi ni bei. Mwaka 1989 mgawo wa mauzo uliokuwa umewekwa na mkataba wa kimataifa wa kahawa ulisimamishwa, bei ya dunia ikaporomoka, na majirani wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya na mahindi. Wanawe nao wakamshauri. Akawajibu, "Mnaniambia niing'oe, na ndiyo iliyowasomesha kusema hivyo." Uzeeni kabisa alikwenda kuchukua miche mipya kwenye kituo cha utafiti cha Lyamungo, ile inayostahimili chulebuni, akaipanda akijua itamchukua miaka kabla ya kuchuma.

Kwenye daftari za ada, shangazi zangu wamo sawa na baba zangu, na kwa wakati ule si wazee wengi waliofanya hivyo. Ila ardhi aliwagawia wavulana peke yao. Nilimuuliza mara moja, akasema ndivyo kihamba kilivyo. Hapo sikubaliani naye hadi leo, na shangazi yangu mkubwa, aliyemuuguza miaka yote ya mwisho, hakubaliani naye zaidi yangu.

Nilipoanza kutuma hela kutoka huku, Babu alinipigia kunisomea matumizi: dawa ya ng'ombe, bahasha ya kanisa, kibarua wa kupalilia, na chenji iliyobaki. Nikamwambia, "Babu, hela ni yako, huna haja ya kunitolea hesabu." Akakasirika kweli. "Wewe unaamka usiku kugeuza wazee wa watu wasipate vidonda, halafu mimi nile bila kuandika?" Nafanya kazi nyumba ya wazee, sikuwahi kumweleza zamu za usiku zilivyo, nadhani mama ndiye aliyemwambia.

Walutheri wamejaa Minnesota, na baada ya ibada tunateremka chini ya kanisa kunywa kahawa. Wenye asili ya Skandinavia wana desturi ya kuichemsha na yai. Nilipomsimulia Babu alicheka mpaka akakohoa. Yeye mwenyewe hakunywa kahawa. Alikunywa chai ya maziwa, sukari nyingi.

Sasa baba mdogo anataka kung'oa mibuni, hata ile ya Lyamungo, apande parachichi. Hesabu zake si mbaya, wanunuzi wapo. Kikao cha ukoo ni Desemba, watu wakipanda kutoka mijini kwa ajili ya Krismasi. Nimeomba kwenye grupu la familia ibaki angalau mistari miwili ya mibuni, na shangazi mkubwa ndiye aisimamie na mauzo yawe yake. Baba mdogo amejibu kwamba mwenye kutaka kahawa aje aichume. Shangazi ameandika chini yake: nitachuma mimi, nipe na daftari.