Kirungu Kipana kwa Kibano cha Bledi ya Msumeno wa Nakshi

Katika kukata nakshi kwa msumeno wa umeme, kazi inayochosha vidole zaidi hufanyika mashine ikiwa imezimwa. Kila tundu la ndani hutaka bledi ifunguliwe upande wa juu, ipenyezwe kwenye kitobo kilichotobolewa kwa drili, kisha ibanwe tena kabla ya kuvutwa ikaze. Ubao wenye matundu sitini ni kulegeza mara sitini na kukaza mara sitini, na mashine nyingi zisizo za daraja la juu hutoka kiwandani na kirungu chembamba cha kukazia, yaani kichwa cha kushikia skrubu ya kibano kinachoishika bledi, ambacho ncha za vidole hukishika kwa taabu. Mwenye baridi yabisi huacha ubao njiani. Nilipobadilisha kirungu cha kibano cha juu kwenye msumeno wangu, niliona tofauti tangu ubao wa kwanza, na ninaeleza hapa mambo ambayo ningependa mtu ayapime kabla hajafanya hivyo.

Hesabu yake ni nyepesi. Nguvu ya kuzungusha skrubu ni nguvu ya vidole ikizidishwa kwa nusu kipenyo cha kirungu, kwa hiyo ukitoka kwenye kipenyo cha milimita 12 kwenda milimita 30, vidole vile vile vinakaza mara mbili na nusu zaidi. Umbo nalo lina sehemu yake. Kirungu cha mviringo chenye mikwaruzo pembeni hutegemea msuguano wa ngozi, na ngozi yenye vumbi la mbao huteleza. Kirungu chenye umbo la nyota yenye ncha butu hukipa kidole mahali pa kusukuma. Wanaokwepa mabadiliko haya huishia kushika koleo, jambo ambalo silipendi hata kidogo, kwa kuwa koleo hutafuna kirungu na pia humnyima mkazaji hisia ya kujua amefika wapi. Vibano vingi vimetengenezwa kwa alumini ilhali skrubu ni ya chuma, na hesi za alumini, yaani meno ambamo skrubu huzunguka, ndizo zitakazokatika kwanza.

Hata hivyo, kirungu kipya hakitaponya kibano kigonjwa. Bledi zisizo na pini (kijiti kidogo kilichokingama kwenye ncha), ambazo kwa kawaida zina urefu wa milimita 127, hushikwa kwa msuguano tu, na nyingi hutoka kwenye pakiti zikiwa na mafuta ya kuzuia kutu. Kuzisugua ncha zake kwa msasa laini huondoa mafuta hayo, na mara nyingi hapo ndipo tatizo la kuchomoka linapoishia. Kisha chomoa skrubu ya kukazia uitazame ncha yake kwenye mwanga. Ikiwa imeingia mfereji mdogo unaong'aa mahali bledi inapolala, basi kila unapokaza, ncha inayozunguka huipindua bledi badala ya kuikandamiza. Isawazishe kwa tupa laini hadi iwe bapa kabisa. Hesi zisafishwe kwa brashi kavu wala zisimiminiwe mafuta, maana mafuta yatashuka hadi kwenye bledi. Kuna pia wanaokaza kibano kwa nguvu nyingi kwa sababu bledi inalegea katikati ya ukataji. Hao wachunguze kwanza wenzo wa kuivuta bledi, kwa kuwa kazi ya kibano ni kuishika tu.

Baada ya hapo ndipo kipimo kichukuliwe. Skrubu hizi aghalabu ni M5, yaani ya kipenyo cha milimita 5, yenye hatua ya milimita 0.8 kati ya jino na jino, au M6 yenye hatua ya milimita 1.0, lakini mashine zinazofuata vipimo vya Kimarekani zinaweza kuwa na skrubu ya robo inchi yenye meno 20 kwa inchi, yaani kipenyo cha milimita 6.35 na hatua ya milimita 1.27. M6 na robo inchi hukaribiana mno machoni: bolti ya M6 huingia mizunguko michache kwenye tundu la robo inchi, na anayelazimisha huharibu hesi za kibano. Tafuta nati inayopita kwenye skrubu ya zamani kwa ulaini tangu mwanzo hadi mwisho, kisha uipeleke nati hiyo hiyo kuchagua kirungu kipya.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni uzito. Kirungu cha juu hupanda na kushuka pamoja na mkono wa msumeno. Kwa mapigo 1,600 kwa dakika na mwendo wa takriban milimita 20, kirungu cha gramu 50 kinapofika mwisho wa pigo huvuta mkono huo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo moja na nusu, na huugeuza upande wa pili mara makumi kwa sekunde. Mtetemo huo utauona kwenye ukingo wa mbao. Ndiyo maana ninachagua plastiki ngumu yenye skrubu ya chuma ndani yake, au mbao. Vishikio vya wenzo vya chuma hukaza vizuri sana, lakini uzito wake umeelemea upande mmoja na mkia wake hujitokeza mahali vidole vinapopita. Kwenye msumeno huu sivitaki. Mwenye printa ya 3D anaweza kuchapisha kofia inayovaa juu ya kirungu cha zamani, na hiyo ina faida ya kubakiza skrubu ya asili.

Mimi nilitumia mbao. Nilikata duara la milimita 32 kutoka kwenye plaiwudi ya milimita 12 kwa msumeno wenyewe, nikachonga mabonde matano pembeni na kuyalainisha kwa msasa. Kichwa cha bolti ya M6 kina upana wa milimita 10 kati ya bapa na bapa, kwa hiyo nilitoboa shimo la milimita 10 lisilofika chini, kisha la milimita 6 hadi upande wa pili. Kichwa nilikivuta ndani kwa nati na washa hadi pembe zake sita zikauma mbao, nikakizungushia gundi ya epoksi, na sikukigusa hadi siku iliyofuata.

Kibano cha chini nimekiacha na kirungu chake cha zamani. Kwa anayepenyeza bledi kutoka juu ya ubao, mambo yatageuka na kirungu cha chini ndicho kitakachostahili kupanuliwa, ila nafasi chini ya meza ni finyu, hasa meza inapoinamishwa kwa ukataji wa mshazari. Chomoa waya wa umeme, inamisha meza hadi mwisho wa kila upande, na uuzungushe mtambo kwa mkono pigo zima polepole. Kirungu kikipita chini ya meza kwa pengo lisilotosha milimita 2 au 3, punguza kipenyo chake kabla ya kuwasha.