Fungu la nyanya na gunia la lumbesa

Nauza nyanya, vitunguu, mboga za majani na viungo hapa Tabata, kwenye genge alilolianzisha mama mkwe wangu. Kila nikisikia watu wanajadili namna ya kulisha jiji, mazungumzo yanaishia supamaketi. Sasa jamani, tumeziona. Shoprite iliondoka Tanzania mwaka 2014 na kuacha maduka yake kwa Nakumatt, Uchumi ikafunga mwaka uliofuata, na Nakumatt yenyewe haikudumu. Muda wote huo Dar ilikuwa inakula. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani humu, na wengi wao chakula cha jioni kinatoka gengeni, dukani kwa Mangi au kwa mama lishe.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa haki kwenye chakula cha mjini ianzie wapi, nasema ianzie kwenye kipimo. Na kipimo cha shambani na cha gengeni si kitu kimoja.

Tuanze na lumbesa. Aliyewahi kusimama Soko la Ilala alfajiri malori yakishusha anaijua. Gunia la viazi linajazwa mpaka mdomoni, halafu linaongezewa kipande cha kiroba au wavu juu, linashonwa kwa kamba ya katani mpaka linatoa kilemba. Kijana anayelibeba mgongoni anatembea ameinama kabisa, shingo imekakamaa, na anapotua mzigo hasemi kitu kwa muda. Sheria ya Vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanakamata na kutoza faini. Lumbesa bado ipo.

Ipo kwa sababu karibu kila malipo njiani yanahesabiwa kwa gunia. Mnunuzi anamlipa mkulima kwa gunia. Ushuru wa mazao unatozwa kwa gunia. Nauli ya lori ni kwa gunia, mpakiaji analipwa kwa gunia, dalali anachukua chake kwa gunia. Ukinenepesha gunia, umepunguza ushuru, nauli na ujira wa kuli kwa mkono mmoja, na mzigo wote umemwangukia mkulima aliyetoa debe zima la ziada bure. Yeye hana la kufanya: viazi vimeshachimbwa, deni la mbolea linamsubiri, na lori likiondoka hajui la pili litakuja lini. Kumfukuzia dereva barabarani hakutoshi. Halmashauri zikitoza ushuru kwa kilo, na mzani ukawekwa pale kijijini lori linapopakia, lumbesa itakosa faida. Nina uhakika na hilo kwa sababu hakuna mfanyabiashara anayeshona kilemba kwa mapenzi tu. Ni kazi na ni kamba.

Sasa njoo gengeni, ambako kuna wanaotaka nasi tuuze kila kitu kwa mzani. Hapo nakataa.

Saa kumi na mbili jioni anakuja dada anayefua nguo za watu. Amelipwa leo, na hiyo hela ina unga, mafuta ya kupima, mkaa na nauli ya kesho ndani yake. "Shoga, nipangie ya mia tano, na kitunguu." Nampangia nyanya ngumu mbili za kesho, na zilizolainika tatu za kupika usiku huu huu, kwa sababu kwenye rosti la dagaa nyanya laini ndiyo tamu, na ikilala hapa itaoza. Naongeza karoti ndogo iliyovunjika. Kama hana kabisa, naandika kwenye daftari. Fungu linamwezesha mtu wa kipato cha siku kula mboga kila siku, na linaokoa nyanya ambazo mzani ungezipeleka jalalani. Ukimwambia anunue kilo, atanunua chumvi na kwenda zake. Mizani iwe kali kule kwenye jumla, anakouza mkulima. Huku rejareja tuachieni fungu na nyongeza.

Hasara pia tunaibeba sisi wa mwisho. Nyanya za Ilula, kule Iringa, zinashuka mlima Kitonga, zinapita Mikumi, zinafika mjini kwenye matenga ya mbao yaliyopangwa moja juu ya jingine. Tenga unanunua ukiona juu tu. Ukifika nalo, za chini zimepondeka, misumari imezitoboa, maji yanachuruzika. Kreti za plastiki zinazorudishwa shambani zingepunguza uharibifu huo sana, ila ni ghali na hakuna anayekubali kuwa wa kwanza kuzinunua, maana zikipotea sokoni zimepotea. Hapo jiji lingeweza kuingia: kreti ziwe za soko, mtu aweke dhamana, azirudishe.

Mchicha ndio unaoniumiza zaidi. Unakomaa kwa wiki 3 au 4, unalimwa humu humu mjini, mabondeni na chini ya nyaya za umeme, na unanifikia ukiwa bado una umande. Hakuna mboga inayosafiri kidogo hivyo. Lakini mabonde hayo yanapitisha majitaka na uchafu wa viwanda. Mwaka 1999 watafiti walichapisha matokeo kuhusu madini mazito kwenye mboga zinazolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, na mpaka leo sioni wakulima wakipewa maji mengine. Wanachopewa ni amri ya kung'oa, halafu wanarudi, kwa sababu wana watoto na sisi tunahitaji mchicha.

Nimeongea na kina mama wawili wanaoniletea mafungu kila asubuhi. Wanataka kisima ambacho maji yake yamepimwa usalama na karatasi ya kuonyesha eneo lao ni la bustani, ili wasiamke wakakuta limepimwa viwanja. Hicho ndicho tutakachokipeleka kwenye mkutano wa mtaa, na wenzangu wa magenge wamekubali kusimama nao. Maji hayo yakiongeza bei ya fungu, nitalipa, na wateja wangu nitawaeleza kwa nini.