Jinsi nilivyopata taarifa ya mapato na matumizi ya halmashauri

Hatimaye ninayo mkononi! Tovuti ya halmashauri yetu hapa mkoani Dodoma ina ukurasa wa mapato na matumizi, lakini faili la robo ya tatu lilikuwa halifunguki. Nilijaribu kwa simu, nikajaribu steshenari, nikapiga namba ya mapokezi. Ubao wa matangazo pale kata ulikuwa na karatasi ya zamani iliyopauka kwa jua.

Kilichosaidia ni barua kwa mkurugenzi mtendaji, nikitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inataka raia ajibiwe ndani ya siku 30. Ila kazi iko kwenye kuitaja taarifa yenyewe. Ukiandika "naomba taarifa za bajeti", barua itazunguka meza hadi meza. Andika hivi: mapato na matumizi, robo ya tatu (Januari hadi Machi), mwaka wa fedha fulani. Kumbuka mwaka wa fedha unaanza Julai, si Januari. Robo zihesabu kuanzia hapo.

Peleka nakala mbili masjala, yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nilipofuatilia, mhudumu alitazama ile tarehe tu, akaenda kulitafuta jalada.