Goliad na Goose Island kwa RV, tukiwa na mama mkwe

Wanaokodisha RV, yale magari makubwa yenye vitanda, jiko na choo ndani, hapa Houston, Texas, hukuwekea kikomo cha maili kwa siku. Ukikipita, unalipia kila maili. Na mafuta je? Gari la namna hiyo galoni moja hailipeleki zaidi ya maili 8 hadi 10. Kwa hiyo mume wangu alipoanza kutaja Grand Canyon, kule mbali Arizona, nilimkatiza mapema. Tungekwenda hifadhi ya Goliad, kama kilomita 240 kwa barabara ya 59, halafu tushuke pwani hadi hifadhi ya Goose Island, basi.

Nafasi za kulala nilizishika mtandaoni. Hifadhi za jimbo la Texas hupokea maombi kuanzia miezi mitano kabla, na mwezi wa Februari wastaafu wanaokimbia theluji ya kaskazini huzimaliza upesi.

Mama mkwe, aliyekuwa ametutembelea kutoka Tanga, alilikagua gari kuanzia jiko hadi bafu, kisha akaniita pembeni.

"Mwanangu, uchafu wa choo hiki unakwenda wapi?"

"Tunakwenda nao, mama."

Akasema yeye atatumia vyoo vya hifadhini, asante.

Kuegesha RV ni kazi ya fundi. Kwanza nililaza pima maji sakafuni, maana friji inayotumia gesi haifanyi kazi vizuri gari likiwa limeinama. Upande wa kushoto ulikuwa chini, tukapanda juu ya vibao vya plastiki taratibu, mume wangu akiendesha na mimi nikimwongoza kwa mikono, mpaka kiputo kikatulia katikati. Ndipo tukachomeka waya wa umeme, tukafunga mpira wa maji safi, na mwishowe ule wa maji machafu. Umeme wetu ulikuwa wa ampia 30, hivyo sheria ilikuwa moja: hita ikiwaka, maikrowevu hairuhusiwi.

Goliad ndiyo iliyonishika. Ndani ya hifadhi yenyewe kuna misheni ya Wahispania ya Espíritu Santo, iliyohamishiwa hapo mwaka 1749. Kuta nyeupe unazoziona leo zilijengwa upya miaka ya 1930 na vijana wa mradi wa serikali wa kuwapa watu kazi. Wamisionari na Wenyeji wa Marekani walifuga huko ng'ombe kwa maelfu, muda mrefu kabla ya hadithi za wachunga ng'ombe tunazoziona kwenye sinema.

Ng'ambo kidogo iko ngome ya La Bahía. Tarehe 27 Machi 1836, Jumapili ya Matawi, wanajeshi wa Meksiko waliwapiga risasi mateka zaidi ya 300 wa Texas, waliokuwa wakipigania kujitenga na Meksiko, kwa amri ya Jenerali Santa Anna, kiongozi wa Meksiko. Kamanda wa mateka hao, James Fannin, aliuawa uani mwa ngome. Mama mkwe alisimama pale akasoma dua yake kimya. Wanangu niliwaongezea jambo moja: Meksiko ilipiga marufuku utumwa mwaka 1829 chini ya Rais Vicente Guerrero, mtu mwenye asili ya Kiafrika, na walowezi wengi wa Texas walikuwa na watumwa wao. Uhuru uliopiganiwa pale haukuwa wa kila mtu. Karibu na ngome pia ndipo alipozaliwa Ignacio Zaragoza, jenerali aliyewashinda Wafaransa huko Puebla tarehe 5 Mei 1862. Kumbe sherehe ya Cinco de Mayo (tarehe 5 Mei) wanayoifanya majirani zetu kila mwaka ina mizizi hapa.

Goose Island tulikaa kwa raha tu. Kuna mwaloni wenye umri unaokadiriwa kupita miaka 1,000, ambao hata kimbunga Harvey cha 2017 hakikuung'oa. Mume wangu alivua samaki ufukweni bila leseni, kwa kuwa ndani ya hifadhi za jimbo haihitajiki. Hakupata cha kupika. Tukala wali wa nazi na maharage. Lakini korongo wakubwa weupe tuliwaona! Ndege hawa hutoka Kanada kuja kupitisha baridi hapa, na mwaka 1941 kundi lao lilibaki na ndege wapatao 15 tu.

Nafasi za huko zina maji na umeme bila bomba la maji machafu, hivyo siku ya kuondoka tulipanga foleni kwenye kituo cha kumwagia. Nilivaa glavu. Tanki la choo hufunguliwa kwanza. Likiisha unafunga koki yake, ndipo unafungua la maji ya kuogea na vyombo, ili sabuni ile isafishe mpira. Mpira wa kusuuzia pale usiuunganishe kamwe na tanki la maji ya kunywa. Mama mkwe alishuka akasogea hatua kadhaa, pua ameifunika kwa mtandio, akaangalia mpaka mwisho.

"Basi kumbe ni hivyo tu," akasema, akarudi garini kuchemsha chai.