Escudo ya baba tumeichelewesha

Naandika nimekaa barazani, mikono bado inanuka grisi, sabuni ya mche imeshindwa. Wiki iliyopita tumeikata Escudo ya baba, ile gari ya Suzuki, tukaiuza vipande vipande. Watu wa Kizimkazi wanaijua, ile nyeupe milango mitatu, alfajiri inapita na boksi la samaki nyuma inakimbilia soko la Darajani. Miaka minne ilikuwa uwani kwetu Fuoni, hapa Unguja, juu ya mawe, na kila akija mtu kuulizia spea baba jibu lake moja, gari itatengenezwa inshaallah. Na mie nilikuwa namuunga mkono, ndo maana leo nasema, sote tulikosea.

Kilichoiua sio injini, ni chumvi. Lile boksi la samaki barafu ikiyayuka maji yanachuruzika chini ya zulia nyuma ya siti, zulia linayanywa halikauki, hapo weka na upepo wa bahari na mchanga wa njia za pwani. Zile Escudo za mwanzo zina chesisi mbali, bodi imekaa juu yake, watu wanazipenda kwa hilo, lakini chesisi yenyewe ndani tupu kama boksi, maji na mchanga vikiingia kwenye yale matundu havitoki tena, inaoza ndani kwa ndani na nje unaiona nzima ina rangi yake. Fundi alipokuja mara ya mwanzo, miaka minne nyuma, aliingia chini na nyundo akagonga karibu na mpira wa nyuma, ngo, ngo, pigo la tatu halikulia, nyundo ikazama. Akatoka kajaa vumbi la kutu mpaka kwenye kope. Akamwambia baba, "Mzee, moyo wa gari hii mzima, mifupa ndo imekwisha. Nipe niikate sasa hivi, injini naiuza wiki hii hii." Baba akamjibu, "Mwanangu, gari hii imewasomesha hawa." Mazungumzo yakafa pale.

Sasa tizama kilichotokea. Mwaka ule injini na gaboksi tulikuwa tushapewa bei, laki sita taslimu, injini ile ya G16A ya 1600 ilikuwa inawaka kwa ufunguo mmoja tu. Katikati hapo jirani akaja kuazima plagi moja, akapewa, tundu likabaki wazi, hakuna aliyelitia hata kitambaa. Masika ya kwanza, vuli, masika ya pili, maji yanashuka pale pale. Wiki iliyopita fundi katia bomba refu kwenye spana ya krenki, wakaning'inia vijana wawili, haikuzunguka hata chembe, pistoni zimeshikana na kutu ndani ya silinda. Injini iliyokuwa nzima tumeiuza kwa kilo, bei ya chuma chakavu, na chuma hapa hatuna pa kuyeyushia, kinapanda chombo kwenda bara. Nilipoiona juu ya mizani nikaondoka, nikaenda kusimama uani kwa jirani.

Kilichopona ni kile kilichokuwa kimefungwa ndani ya oili. Gaboksi tulipofungua nati ya oili imetoka nyeusi lakini safi, giya zinang'aa kama zimetoka dukani jana. Difu nzima. Vioo vyote vizima, taa mbili za nyuma nzima, stata fundi kaisafisha akaipima kwa betri, ikalia. Oltaneta besi zimekufa, imebaki shaba yake tu.

Akaja na bwana mmoja na Vespa, anataka masega tu, ile ya ndani ya ekzosi inayosafisha moshi. Fundi wetu akakataa tusiuze haraka haraka, akanieleza kuwa mule mna platinamu, paladiamu na rodiamu kidogo kidogo, na wengi wanaitoa ekzosi nzima kwa bei ya bati. Alhamdulillahi nilimsikiliza, masega peke yake yametupa zaidi kuliko milango yote miwili ya pembeni.

Jambo lililonikera kwa muda mrefu ni hizi oili. Gereji nyingi gari ikikatwa oili inamwagwa pale pale chini, inazama mtu anaona imekwisha. Haijaisha jamani! Kisiwa chetu sehemu kubwa ni jiwe la chokaa limejaa matundu, na maji tunayokunywa tunayatoa humo humo chini, visimani na kwenye chemchem. Tulimwomba fundi aanze na kumwaga kila kitu kwenye madumu kabla hajagusa spana, kamwaga oili ya injini, ya gaboksi, ya breki, maji ya rejeta. Dumu moja limechukuliwa na mafundi wa zege, wanapaka kwenye mbao ili zisigande. Betri tumeitoa mwanzo kabisa na watoto hawakuruhusiwa kuisogelea, ndani mna risasi na asidi. Na tangi la petroli hata kama umeliona kavu usimruhusu mtu alipige moto wa gesi, ule mvuke uliobaki ndo unaolipuka, letu lilijazwa maji pomoni kwanza.

Vyengine vimekwenda kwa watu. Springi kachukua mhunzi anatengeneza tindo, chuma chake kigumu na kikipikwa tena kinashika makali. Rimu mbili zimekwenda Kizimkazi kuwa nanga za ngalawa. Siti ya nyuma ndo hii niliyokalia. Kadi ya gari nimeiweka mie, kila aliyenunua kipande kikubwa nimemwonesha namba, mtu asiende akasumbuliwa kuwa kauziwa mali ya wizi.

Gaboksi kainunua kijana wa Mwanakwerekwe mwenye Escudo kama yetu. Sikumwambia baba kwanza, macho yake siku hizi hayaoni vizuri na nilijua itamuuma. Juzi jioni akaniuliza mwenyewe, gaboksi imekwenda wapi. Nikamwambia, na kwamba ishafungwa, gari inatembea. Akanyamaza, akavuta tasbihi kidogo.

"Giya ya tatu bado inagoma?"

Nikampigia kijana pale pale nikamuuliza. Akasema ndio ami, inagoma kweli, mpaka nitie nguvu.

"Mwambie asiilazimishe," baba akasema. "Arudi nyutro kwanza, ahesabu moja, ndo aitie."